Nyumba ya Chini: Tulichokirithi na Tunachokusudia Kukijenga



Mwezi uliopita mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni mhandisi, alinipelekea kwa simu ramani ya nyumba ambayo baba yake anakusudia kuijenga hapa Maskati, katika kiwanja cha mita 600 za mraba. Sote ndugu tumeichangia nyumba hiyo, kila mmoja kwa uwezo wake, kwa sababu ndiyo itakayokuwa makao ya mama yetu na mahali petu pa kukutania siku za Idi. "Ami," aliniandikia kijana, "itazame ya chini, uniambie kama ina kasoro. Ya juu tumeshakubaliana."

Mimi sikusomea uhandisi. Nimekuwa karani kwa miaka zaidi ya thelathini, na karani mzuri ni yule anayeisoma karatasi ya mwenziwe akatambua kilichosahauliwa. Niliisoma ramani ile siku tatu mfululizo, na siku ya tatu nikatambua kwamba aliyesahauliwa ni mama.

Mlango mkubwa unatazama kaskazini, barabarani. Ukiingia, mkono wa kushoto, yaani mashariki, ni majlis ya mita 6 kwa 9, ikiwa na choo cha wageni na pahala pa kunawia mikono upande wa mbele. Katikati ya nyumba inasimama ngazi kubwa ya marumaru. Mkono wa kulia ni chumba cha kulia chakula, na nyuma yake jiko na chumba cha mtumishi. Nyuma ya ngazi ni ukumbi wa watu wa nyumbani. Vyumba vya kulala vyote viko juu, na cha mama ni kimojawapo. Pembeni mwa ngazi pameandikwa maneno matatu: "Lifti, hapo baadaye."

Kabla ya kumjibu kijana, niliona nifanye kama walivyotufundisha walimu wetu: kwanza nitazame waliotutangulia walifanya nini, kisha ndipo niseme langu. Haya ndiyo niliyoyakusanya, kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu utotoni Unguja na niliyoyasoma baadaye. Nayaandika hapa kwa faida ya wanangu na wenu, maana wengi wenu mmejenga au mnakusudia kujenga.

Boriti na upana wa chumba

Jambo la kwanza la kulijua katika nyumba za mawe za pwani ni kwamba upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba. Uliamuliwa na mti. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti hufaa kubeba dari ya mawe kwa masafa ya mita 2.5 hadi 3 hivi, na zaidi ya hapo hupinda. Kwa hiyo vyumba vya wazee wetu vilikuwa virefu na vyembamba, kama kwamba kila chumba ni ujia ulioamua kustarehe.

Boriti hizo hizo zilizokatwa katika mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji zilipakiwa majahazini na kupelekwa Oman, Bahrain, Kuwait na bandari nyingine za Ghuba, nchi zisizo na miti mirefu. Basi mtu wa Suri na mtu wa Shela, ijapokuwa bahari kubwa iliwatenga, walilala chini ya dari zilizotoka msitu mmoja, katika vyumba vyenye upana uliokaribiana. Leo kuna saruji na nondo, na chumba cha mita 6 kwa 9 chaweza kusimama bila ya nguzo katikati. Aliyetuwekea mpaka zamani alikuwa mti. Sasa mpaka inatubidi tujiwekee wenyewe.

Nyumba ya Lamu: kuingia kwa daraja

Katika nyumba kongwe za Lamu, mgeni aliingia kwa daraja. Nje palikuwa na daka, baraza la mawe pande mbili za mlango, ambapo mwenye nyumba alikaa na kupokea salamu za wapitao. Baada ya mlango kulikuwa na tekani, kiingilio kilichopindishwa makusudi ili mlango ukifunguliwa mpita njia asione ndani. Kisha kiwanda, uwanja wa wazi ulioingiza mwanga na hewa. Sabule, chumba cha wageni, ilikuwa karibu na kiwanda, ili mgeni alale na kula pasina kupita katikati ya familia.

Kutoka kiwandani, nyumba ilikwenda ndani hatua kwa hatua: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, kilichopambwa kwa zidaka za chokaa. Nyuma kabisa palikuwa na nyumba ya kati. Huko ndiko wanawake walikojifungulia na huko ndiko maiti walikooshewa. Nataka mlikumbuke jambo hili, kwa kuwa nitalirudia. Wazee wale walipokaa kupanga nyumba hawakuona haya kuuliza: mtoto atazaliwa wapi, mzee atafia wapi, na ataoshwa wapi? Katika ramani niliyoletewa kuna mahali pa televisheni, tena pameandikwa kwa inchi, lakini hakuna mahali pa maswali hayo.

Mji Mkongwe: nani alikaa chini?

Unguja nayo ilikuwa na tabia yake. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake huko katika miaka ya 1830, na biashara ya karafuu na pembe za ndovu kushamiri, mji wa mawe ulikua kwa kasi. Nyumba za Waarabu zilijengwa kwa umbo la mraba, kuta za nje zikiwa wazi zisizo na madoido, mapambo yote yakaishia mlangoni, na vyumba vikazunguka uwanja wa ndani. Wahindi walijenga kwa namna nyingine: chini duka lililofunguka barabarani, juu makazi. Kisha mwaka 1883 Seyyid Barghash akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililozungushiwa baraza pana zenye nguzo za chuma, likiutazama umma na bahari badala ya kuutazama uwanja wake.

Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameueleza uwanja wa Mtoni ulivyojaa tausi, paa na mbuni wakitembea watakavyo, na nyumba za kuogea zilizokuwa mwisho wa uwanja huo. Wengi wetu tukisoma maelezo kama hayo hupumua kwa fahari. Nami hupumua. Lakini historia tukiiandika nusu tunawafundisha watoto wetu uongo, kwa hiyo na nusu ya pili niiseme. Katika nyumba nyingi za wenye mali, Lamu na Unguja, vyumba vya chini havikuwa vya familia. Vilikuwa ghala za bidhaa na malazi ya watumwa. Watu wa nyumba waliishi juu, kwenye upepo. Chini kulikuwa na joto, unyevu na wale waliobeba maji kuyapandisha ngazi. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja ila mwaka 1897. Ndiyo maana sisemi kwamba tuinakili nyumba ya mababu kama ilivyo. Nasema tuyachukue maswali yao mema, na mabaya yao tuyakiri.

Nyumba ya babu yangu mtaa wa Malindi ilikuwa na ghala chini, nami nikiwa mtoto niliogopa kupita hapo usiku. Bibi yangu aliishi ghorofa ya pili. Nakumbuka alivyokuwa akiteremsha kikapu kwa kamba dirishani kununua mboga, na alivyokuwa akijibizana na muuza samaki bila ya wote wawili kuonana uso. Alipokuwa hawezi tena kushuka, kamba ile ndiyo iliyobaki kuwa mguu wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za mji zilichukuliwa na serikali, na yetu ikawa miongoni mwao. Sina ramani yake. Ninayo kichwani tu, na ninapofumba macho naanza daima na ngazi.

Ng'ambo: somo la nyumba ya chini

Somo kubwa zaidi sikulipata katika nyumba za mawe. Nililipata Ng'ambo, kwa mama yake mama. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti au bati, haina ghorofa. Mbele baraza. Ukipita mlango, ujia ulionyooka katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Mwisho wa ujia ni ua: jiko, choo, pahala pa kufulia, na mlango wa uani.

Kwa mlango ule wa uani wanawake waliingia na kutoka siku nzima bila ya kupita mbele ya wanaume waliokaa barazani. Jirani alikuja kuazima chumvi akabaki mpaka adhuhuri. Bibi mzaa mama aliishi miaka mingi baada ya miguu kumshinda, lakini hakuna harusi wala msiba mtaani ulioamuliwa bila ya yeye kuulizwa, kwa sababu kitanda chake kilikuwa hatua nane kutoka uani, na kila aliyeingia alimpitia. Nyumba ile ilikuwa duni mbele ya ile ya Malindi, lakini uzee wa bibi yule haukuwa mpweke.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Oman ya zamani: sabla na ghala la tende

Wale waliozaliwa hapa huenda wakasema, "Hayo ni ya Unguja, sisi tuko Oman." Basi tuitazame Oman. Katika miji ya kale ya ndani, kama al-Hamra na Bahla, nyumba za udongo zilipanda ghorofa mbili na zaidi, na chini palikuwa pa akiba na wanyama. Humo mlikuwa na madbasa, chumba chenye mifereji sakafuni: magunia ya tende yalipangwa juu yake, uzito ukayakamua, na asali ya tende ikatiririka mpaka kwenye mtungi. Familia iliishi juu, kama Lamu.

Na wageni je? Wageni wengi walikaribishwa katika sabla, chumba cha baraza la watu wa mtaa au kabila, kilichojengwa mbali na makazi. Harusi, tanzia na usuluhishi vilifanyika humo. Sikilizeni ufanano wa sabla na sabule yetu, kwa sauti na kwa kazi. Na neno baraza lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kutokeza na kujitokeza. Barza ndilo jina la kikao cha wazi cha mtawala hapa Ghuba. Maana yake ni kwamba mwenyeji hutoka kumpokea mgeni, na wala hakuna ulazima wa mgeni kupewa nusu ya nyumba.

Majlis kubwa ndani ya kila nyumba ya mtu binafsi, basi, si urithi wa kale kama tunavyodhani. Mtaa ulikuwa na sabla moja, watu wote wakaitumia. Baada ya mwaka 1970, nchi ilipofunguka na kila familia ikapata kiwanja chake na ukuta wake, kila mmoja akajijengea sabla yake ndani ya ukuta huo. Matokeo yake ni chumba kikubwa kuliko vyote, chenye zulia bora kuliko yote na kiyoyozi kipya kuliko vyote, kinachofungwa kwa ufunguo siku nyingi za mwaka.

Nyumba niliyoijenga mimi

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Mwaka 1991 nilijenga nyumba yangu. Nilikuwa kijana, nina mshahara wa kudumu, na nilitaka watu wajue kwamba sisi tuliokuja hapa na masanduku mawili tumesimama. Nilijenga majlis ya mita 7 kwa 8. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilimpa chumba bora cha ghorofani, chenye madirisha mawili. Alinishukuru na kuniombea dua. Miaka tisa alipanda na kushuka. Kisha magoti yakakataa.

Miaka yake mitatu ya mwisho aliishi juu. Wazee wenziwe walikuja Ijumaa baada ya sala, nao walikuwa hawawezi kupanda ngazi. Wakakaa chini katika majlis yangu, wakanywa kahawa yangu, wakaniambia, "Mpe salamu baba." Nikapanda, nikampa salamu. Akaniuliza, "Nani wamekuja?" Nikamtajia. Akauliza, "Wamesema nini?" Nikamweleza kwa ufupi, kwa kuwa wageni walikuwa wananingoja. Ijumaa moja alisema, kwa upole, "Nasikia kicheko, lakini sisikii wanachocheka."

Alipofariki, jeneza halikuweza kupinda kwenye kona ya ngazi. Tulimteremsha kwa shuka, watu wanne, mimi nikiwa upande wa miguu. Tukamwosha katika stoo kando ya jiko, baada ya kutoa magunia ya mchele, kwa kuwa hapakuwa na pahala pengine chini penye maji na nafasi.

Sijapata kuyaandika haya. Ndugu zangu wanayajua lakini hatuyazungumzi. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi: ramani niliichora mwenyewe kwa penseli, na fundi aliifuata kama nilivyomwambia.

Niliyomjibu kijana

Nilimjibu mtoto wa ndugu yangu kwa barua ndefu, na muhtasari wake ni huu.

Kwanza, majlis ipunguzwe. Mita 6 kwa 9 ni mita 54 za mraba. Ikikatwa kwa ukuta, mbele ikabaki ya 6 kwa 5, ni mita 30, zinazotosha watu ishirini kukaa kwa raha. Wakizidi, na wazidi tu siku za Idi na za tanzia, kuna uwanja na hema la kukodi. Nyuma zinabaki mita 24: chumba cha mama cha 4 kwa 4, na choo chake cha 2 kwa 4.

Pili, mlango wa chumba hicho ufunguke ukumbini, kwenye watu wa nyumbani, wala usielekee majlis. Mama asilazimike kujifungia kila mgeni wa kiume anapokuja.

Tatu, ngazi itoke katikati iende kwenye ukuta wa magharibi, pamoja na jiko. Jua la alasiri hapa Maskati huchoma, basi na lichome ngazi. Mama abaki mashariki, apate jua la asubuhi. Na ngazi ikiondoka, ukumbi unaungana na chumba chake bila ya kizuizi.

Nne, ufunguliwe mlango wa pembeni wa wanawake, unaoingia moja kwa moja ukumbini. Huo ndio mlango wetu wa uani. Mashoga wa mama waliobaki ni watatu, wote wakongwe. Mlango huo usiwe na hata kidaraja kimoja. Na milango yote ya chini iwe na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Sikuficha: niliandika pia kwamba jeneza lipite bila ya kuinamishwa, na kwamba choo cha mama kiwe na sakafu yenye mteremko mzuri na nafasi ya kuweka kitanda cha kuoshea. Sote tutakihitaji kwa zamu.

Tano, kibla. Kijana aliichukua sehemu ya vyoo kutoka ramani ya jamaa aliyejenga Unguja. Kule kibla ni kaskazini, na kiti cha choo huwekwa kielekee mashariki au magharibi. Hapa Maskati kibla ni magharibi. Akinakili bila ya kugeuza, nyumba nzima itaelekeza vyoo pasipofaa. Kosa la nyuzi tisini katika karatasi hurekebishwa kwa kifutio. Katika saruji hurekebishwa kwa nyundo na fedha.

Sita, lijengwe baraza nje, kando ya mlango mkubwa, upande wa kaskazini wenye kivuli. Mita 3 za urefu zinatosha. Miezi ya joto hatukai hapo, najua. Lakini kuanzia Novemba hadi Machi tutakaa, na jirani akipita ataweza kusalimu bila ya kupiga kengele.

Kijana aliniletea ramani ya pili baada ya wiki. Alikuwa amekubali mambo manne. Baba yake, mdogo wangu, hakuwa ameridhika na kupunguzwa kwa majlis. Alinipigia simu akasema, "Kaka, watu watatuonaje?" Sikumlaumu. Ni swali nililojiuliza mwenyewe mwaka 1991, na nikalijibu vibaya.

Nikamwambia tumwulize mwenyewe. Tulikwenda kwa mama sote wawili, tukamtandazia karatasi kitandani, tukamweleza hapa ni mlango, hapa ni ngazi, hapa ni majlis. Macho yake hayaoni tena mistari myembamba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mlango ukigongwa, nitasikia?"

Mdogo wangu aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakusema kitu njia nzima. Jana ramani ya tatu imeletwa, nayo majlis ni ya 6 kwa 5.

Baraza bado halimo. Nalipigania.

Jamaa zangu, mwenye kumbukumbu ya nyumba ya wazee wake, iwe Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, Suri au Nizwa, na aichore, hata kwa mkono unaotetemeka: mlango ulikuwa wapi, bibi alilala wapi, wanawake waliingia kwa wapi. Nileteeni nizihifadhi hapa pamoja na za wengine. Na mwenye kujenga sasa, kabla ya kumwaga zege, na amwulize mzee wake kwanza.

Wabillahi tawfiq.